Mwalimu Aliyekataa Kutubia Kuruka

"Ni sisi, Bwana," alisema mzee wa kanisa.

Mkaguzi wa elimu alikuwa ameuliza swali rahisi: ni nani aliyeanzisha mpira wa kikapu kwa wasichana hapa Matiliku? Alisimama kando ya kiwanja, kofia mkononi, akiwatazama wasichana wa darasa la saba wakikimbia kwenye vumbi, na ilionekana wazi kwamba hakutarajia kukuta kitu kama kile karibu na soko la mbaazi na mbuzi. Mzee wa kanisa, ambaye pia ni mwenyekiti wa kamati ya shule, akajigusa kifua. Ni sisi.

Mimi nilikuwa nyuma yao, filimbi shingoni. Nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, na mtu wa juzi hamkatizi mwenyekiti. Lakini jibu lile halijanitoka kichwani. Nimejaribu kulielewa kwa wema. Labda alimaanisha kanisa kwa jumla. Labda aliona aibu mbele ya mgeni, na aibu humfanya mtu aseme lolote. Labda mimi ndiye ninayekuza mambo, maana hiyo ni tabia yangu na mama yangu hunionya juu yake. Nimeyapima yote hayo, na bado nina hasira. Kwa hiyo naandika habari za mwanamke aliyeuleta mchezo huu kwetu, ili angalau mahali pamoja ukweli uwepo.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Mwenyewe hakupenda maswali hayo. Msichana mgeni alipojitambulisha kwa kumtaja babake, alimkatiza papo hapo: "Mpira haumjui baba yako. Kimbia tukuone." Tulimwita Mwalimu, na nitamwita hivyo, ingawa ualimu wenyewe walimnyang'anya.

Hakuwa mrefu. Wasiomjua hudhani alikuwa kama nguzo ya simu, lakini mimi nilipofika darasa la sita nilimpita kimo. Alikuwa na mapaja mafupi yenye nguvu, shingo nene kama ya mwanamke aliyebeba maji tangu utotoni, na miguu iliyochomwa na miiba hata ikazoea. Kilichokuwa cha ajabu ni kuruka kwake. Alikunja magoti kidogo tu, kama mtu anayetaka kuketi akaghairi, halafu ukamwona juu. Na akiwa juu alikaa. Najua kwamba mwili wa binadamu haukai hewani, tulifundishwa hivyo chuoni, lakini naandika nilichokiona.

Mchezo aliujifunza Kitui, katika shule ya bweni ya wasichana, kutoka kwa bibi mmoja mmishonari wa Kimarekani aliyewafundisha kudundisha mpira, kupasiana na kufunga. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Mwalimu aliletwa kufundisha hapa. Alishuka kwenye lori na sanduku moja la bati, na mpira umefungwa ndani ya kanga. Shule haikuwa na goli. Akaomba pete ya pipa lililooza, akaipigilia juu ya mti uliochongwa, kisha akaketi sokoni siku ya soko akisuka kiondo cha katani kisicho na kitako ili akitundike kwenye ile pete. Wanawake waliokuwa wakisuka vyao walimzunguka wakacheka.

"Mwaitu, na hicho kitabeba nini?" mmoja alimwuliza, akimwita mama kwa heshima na dhihaka pamoja.

"Kitabeba upepo kwanza," akajibu bila kuinua macho. "Mengine tutaona."

Mpira ule ulikuwa wa ngozi, na ndani yake mlikuwa na kibofu kilichotoboka kila mara. Aliyekiziba alikuwa fundi wa baiskeli pale sokoni, mzee Mwislamu kutoka pwani, mwenye kofia iliyofuliwa hata ikapoteza rangi. Nilimsindikiza Mwalimu huko mara nyingi, na mazungumzo yao nayakumbuka kuliko masomo mengine.

"Binti yangu, kibofu hiki kina viraka kuliko suruali yangu ya kazi. Mwacheza kwenye miiba?"

"Tunacheza Matiliku, Mzee. Nionyeshe mahali hapa pasipo na miiba."

"Haya. Mimi nitatia gundi, wewe utatia dua."

"Dua nimetia jana. Leo tia gundi nyingi."

Alikuwa hodari wa mambo mengi na hovyo kabisa wa mengine. Hakuweza kupika. Aliweka chungu cha isyo, mahindi na maharagwe ambayo kila mtoto wa Kikamba anajua kuyachemsha, kisha akatoka uani kujaribu kurusha kidogo, na aliporudi harufu ilikuwa imefika kwa jirani. Mumewe alifanya kazi reli kule Makindu na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Alikuwa mtu wa mzaha. Alikula isyo iliyoungua, akatuambia sisi wasichana tuliokuwa tunachungulia: "Mke wangu Mungu amempa mikono miwili, na yote miwili iko juu."

Wala hakuwa mpole. Wanaomsifu siku hizi kwa siri humfanya malaika, na hilo nalo linaniudhi. Msichana akikosa goli la karibu, Mwalimu hakumsalimu mpaka kesho yake. Aliwahi kunikimbiza mpaka mtoni na kurudi, kibuyu cha maji mkononi, eti kwa sababu nilicheka tulipofungwa. "Umefungwa halafu unaonyesha meno," alisema. "Unamwonyesha nani?"

Lakini jambo ambalo lazima lieleweke, maana bila hilo haya mengine hayana maana, ni kwamba alikuwa ameokoka kwelikweli. Ujanani alikuwa mchezaji wa wathi, ngoma ya vijana ya kuruka na kupinduka ambayo kanisa letu linaipiga marufuku. Hakuficha. Alisema aliicheza, aliipenda, na aliiacha siku alipookoka. Akaiacha kuliko sisi wengine tulivyoacha lolote. Ngoma ikisikika upande wa pili wa kilima, alizunguka njia ndefu ya nyuma ili asipite karibu. Kwenye mazoezi hakuturuhusu kuimba tukikimbia, asije mtu akatikisa mabega. Mwenzangu mmoja alitikisa kidogo baada ya kufunga, kwa furaha tu, akatolewa nje ya kiwanja na kuketishwa juani. Tulimwona mkali kuliko wazee wa kanisa. Na ni wazee hao waliomshtaki kwa ngoma!

Ilikuwa hivi. Walimu wanawake wa upande wa Migwani walikuja kucheza nasi. Ilikuwa siku ya mwethya, yaani wanawake wa vijiji vyote walikuwa wametoka kuchimba matuta kwa pamoja kwa amri ya chifu, na walipomaliza wakaja na majembe yao begani kutazama. Sijawahi kuona watu wengi hivyo kando ya kiwanja chetu. Mwalimu alicheza na sisi wakubwa wa shule kama mmoja wetu. Mwishoni, tukiwa sare, alipokea mpira karibu na goli, akakunja magoti yake yale, akapanda. Mikono ya wanawake wa Migwani ilibaki chini yake. Kiondo kikatikisika.

Hapo bibi mmoja mzee sana akatupa jembe lake chini, akaingia kiwanjani akipiga vigelegele. "Ni wathi!" alilia kwa sauti iliyosikika mpaka kanisani. "Hivi ndivyo tulivyoruka sisi! Nilidhani nitakufa bila kuiona tena! Wathi imerudi!"

Alikuwa anamsifu. Natamani msomaji ashike hilo. Yule bibi hakuwa na sifa nyingine kubwa zaidi ya kumpa mtu. Kuruka kote alikokujua maishani kulikuwa kwa ngoma, basi alipoona kuruka kuzuri kuliko kote, akakuita kwa jina hilo. Alimkumbatia Mwalimu akiwa na machozi. Na mzee wetu wa kanisa, aliyekuwa amesimama kivulini na fimbo yake, akasikia.

Wakamwita kikaoni. Ninayoyajua ya kikao kile alinisimulia mwenyewe, na wanawake waliokuwa wakifagia kanisa siku ile waliyathibitisha.

"Dada, si uliacha wathi ulipookoka?" mzee alimwuliza.

"Niliacha."

"Na yule nyanya alisema nini mbele ya watu wote?"

"Alifurahi, mzee."

"Alisema imerudi. Aliitaja mpaka jina."

"Nyanya yule ana macho mabovu na moyo mzuri. Mtanihukumu kwa moyo wake?"

"Jibu swali. Uliruka au hukuruka?"

"Niliruka. Kikapu kiko juu. Nikiombe kishuke?"

Wanasema mmoja wa wazee alicheka akakohoa kuficha. Lakini uamuzi ulitoka: atubu mbele ya kanisa kwa kurudia ngoma, au akae nyuma.

Kwa asiyejua desturi yetu, kukaa nyuma ni hivi. Mwenye kosa huketi benchi la mwisho karibu na mlango. Haombi kwa sauti, haongozi wimbo, na sinia ya meza ya Bwana haimfikii. Hukaa hivyo mpaka siku atakaposimama mbele, ataje dhambi yake na kuipokea mikono ya wazee. Kutaja ndiyo kiini. Hatukubali mtu aseme tu ametubu, lazima aseme nini.

Naomba niseme kitu kuhusu kuruka. Wiki ileile wavulana wa shule yetu walicheza kandanda, na mtoto wa mzee huyohuyo akaruka akafunga kwa kichwa. Mzee alikimbia mpaka katikati ya uwanja akiwa ameinua fimbo. Hakuna aliyemwuliza mtoto wake kama aliwahi kucheza ngoma. Tena, wanawake wa mwethya hukanyaga udongo wa matuta kwa kuruka, wakiimba, mistari mizima inapanda na kushuka pamoja, na chifu huwapigia makofi, na mzee huyu huomba mwanzoni na mwishoni. Wakiruka juu ya matuta ni maendeleo. Wakiruka chini ya kikapu ni dhambi. Nimetafuta tofauti kati ya mambo haya mawili kwa bidii kuliko nilivyotafuta majibu ya mtihani wowote, na naiona moja tu: kwenye matuta hakuna anayeshangiliwa peke yake.

Mwalimu hakutubu. Kabla hawajatekeleza uamuzi wao, ukaja mwaliko kutoka Nairobi. Walikuwa wanakusanya timu ya wanawake Waafrika, walimu na wauguzi, wacheze na timu ya wanawake wa Kihindi, na mtu fulani wa Migwani alikuwa amemtaja. Kutoka upande wetu wote wa Makueni hakuna mwanamke aliyewahi kuitwa hivyo. Wazee wakamwambia asiende kabla ya kutubu. Akaenda.

Aliporudi tulimzunguka uani kwake atusimulie. Tulitaka kusikia habari za taa na magari. Yeye akatueleza kwamba sakafu ya kule ilikuwa ya mbao na mpira ulidunda kama umekasirika, kwamba walifungwa kwa magoli machache, na kwamba alifunga mengi ya upande wao. Halafu akasema waliambiwa wabadilishe nguo nyuma ya jengo, kwenye stoo ya mafagio, kwa sababu chumba cha wanawake hakikuwa chao.

"Ulikasirika, Mwalimu?" nilimwuliza.

"Nilikasirika. Kule walinidharau kwa rangi yangu. Sasa nimerudi nyumbani nidharauliwe kwa miguu yangu."

Jumapili iliyofuata akawa benchi la nyuma. Na kwa kuwa shule ni ya kanisa, Jumatatu hakuwa tena mwalimu. Goli la shule likang'olewa, mti wake ukawa kuni za jiko la wavulana wa bweni.

Hapa ndipo watu husema, basi, angehama kanisa. Nami niliwahi kumwambia hivyo, nikiwa likizo kutoka chuoni, nikiwa na maneno mengi mapya. Akanitazama kama alivyonitazama nilipocheka tulipofungwa. "Hili ni kanisa langu," alisema. "Nilibatizwa mto ule. Kwa nini nihame mimi?" Alikuja kila Jumapili. Mvua ikinyesha alikuja, na siku za hali ya hatari, watu walipoogopa kukutwa njiani, alikuja. Kwenye benchi lile la nyuma wenzake walibadilika. Alikaa na mwanamume aliyeoa mke wa pili. Yule akatubu akasogea mbele. Alikaa na msichana aliyepata mimba. Naye akatubu akasogea. Alikaa na mlevi, tena na tena, maana mlevi alitubu na kurudi kama mtu anayechota maji. Mwalimu akabaki.

Usidhani hakujali. Siku moja tulikuwa tunashona mpira, akasema bila mimi kuuliza: "Wimbo wa meza ya Bwana ukianza, mimi huangalia chini. Nikiinua macho naona sinia inavyopita kwa watu, natamani kama mtoto." Hilo ndilo alilolitaka, hakutaka shukrani wala kupigiwa makofi. Alitaka kurudi mezani, bila kusema uongo ili arudi.

Na wakati huo wote aliendelea kufundisha. Alisimamisha goli uani kwake, akasuka kiondo kingine, na wasichana wa shule wakaja jioni wakisema wanakwenda kuchota maji. Mimi ni mmoja wao. Hawa wa darasa la saba waliomshangaza mkaguzi ni wengine; nilipoajiriwa hapa, mwalimu mkuu aliniruhusu kusimamisha goli shuleni tena. Hakuna mwanakamati hata mmoja aliyemfundisha mtoto yeyote hata kudaka.

Sasa nirudi kwa mkaguzi. Mwalimu mkuu wetu, mtu mkimya, alisubiri mwenyekiti amalize, kisha akasema taratibu kwamba kuna mama mmoja aliyefanya kazi yenyewe. Mkaguzi akasema vizuri sana, kiwanja kipya ambacho shule inakijenga kikifunguliwa angependa kumwona mama huyo mbele. Nilimwona mwenyekiti akichora vumbi kwa fimbo yake. Mtu wa benchi la nyuma angekaaje mbele, karibu na mgeni?

Jioni mwenyekiti akaniita. Akanituma kwa Mwalimu, maana mimi ni "mtoto wake". Ujumbe ulikuwa huu: Jumapili asimame, aseme "nimekosa", basi. Hawatamdai ataje nini. Wazee watampa mkono, atarudi mezani, na siku ya kufungua kiwanja atashukuriwa.

Nilikwenda nikirudiarudia maneno njiani, nikiyapanga na kuyapangua. Nilimkuta anapepeta mbaazi. Amezeeka kidogo, goti moja limevimba. Nikamweleza.

"Neno moja tu?" akauliza.

"Moja, Mwalimu. Hata usitaje kosa. Watu wataelewa wenyewe."

"Wataelewa nini?"

Nikainama kuokota mbaazi zilizodondoka.

"Wataelewa kwamba niliruka, na kuruka ni dhambi," alisema, ungo ukiendelea. "Halafu Jumatatu wasichana wako watatoka kiwanjani, na filimbi utapuliza wewe. Mama zao watawaambia nini?"

"Lakini meza, Mwalimu," nilisema. "Si umeitamani miaka yote hii?"

Ungo ukasimama.

"Naitamani mpaka leo," alisema. Akapuliza makapi. "Waambie nitakuja mbele."

Sikujua nifurahi au niwe na huzuni, na nilikaa na mashaka hayo mpaka Jumapili. Kanisa lilijaa. Mzee alitangaza kwamba dada yetu ana neno. Mwalimu akatoka kwenye benchi la mlangoni, akapita katikati akichechemea, akasimama mbele.

"Nimekosa," alisema.

Mzee akanyoosha mkono upesi.

"Ngoja, mzee. Desturi yetu ni kutaja. Nimewachukia wazee wa kanisa hili. Nimeimba nyimbo za Mungu na chuki iko mdomoni. Hiyo ndiyo dhambi yangu, naitubu mbele yenu, na mniombee maana haijaisha." Akageuka upande wa wasichana. "Kuruka situbu. Sikukosa niliporuka, na watoto hawa hawakosi."

Kisha, bila kungoja mkono wa mtu, akaenda akaketi benchi la tatu upande wa wanawake. Waliokuwa wamekaa pale wakasogea. Mzee alibaki na mkono wake hewani, akautazama, akaushusha. Akainama kwa mchungaji wakanong'ona. Alikuwa ametubu, hilo lisingeweza kukanwa, tena ametaja, kama sheria yao inavyotaka. Lakini hawakuwa wamempokea. Mchungaji, nadhani kwa kukosa la kufanya, akaanzisha wimbo wa meza.

Sinia za mkate kwetu hazigawiwi na mzee kwa mtu mmoja mmoja. Mzee humpa aliye mwanzo wa benchi, nao hupeana wenyewe, naye huingoja upande wa pili. Mzee wetu alifika benchi la tatu, akasita, akampa sinia wa kwanza. Ikapita kwa wa pili, kwa wa tatu, ikafika kwa mke wake mwenyewe, mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akisema neno kanisani. Kando yake alikuwa Mwalimu. Mzee akiwa mwisho wa benchi akatikisa kichwa kidogo, mara moja. Mkewe alimwona, sote nyuma yao tuliona kwamba amemwona. Akachukua kipande chake. Kisha akageuka kabisa, akampa mumewe mgongo, akaishikilia sinia kwa mikono miwili mbele ya Mwalimu, na hakuisogeza mpaka mwenzake alipochukua mkate.

Mwalimu alitafuna polepole. Mzee alikuwa anangoja sinia yake, akangoja.